Mstari Mmoja Aliouondoa Mama Kadi

Saa mbili na dakika saba asubuhi ya Alhamisi, taa ya kijani nyuma ya kompyuta ya tatu inaacha kupepesa. Haijazimika. Imebaki ikiwaka tu, imetulia tuli.

Mwanamke aliyeketi mbele yake hagusi kitu. Anaficha viganja kwapani, anasogeza uso karibu na skrini na kusoma saa ya jaribio. Saa sitini na saba, dakika saba.

"Imelala," anasema.

Chumba cha mbele, cherehani inanyamaza. "Imelala vipi?" anauliza mumewe, fundi nguo, bila kuinuka. "Si ulisema imepona?"

"Nilisema."

"Na kule hospitali?"

Ameshachukua simu. Kiraka kilichokuwa kikijaribiwa mezani hapo, yaani kipande cha programu kilichoandikwa kuziba kosa, ndicho kilichowekwa jana yake kwenye kompyuta ya wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati. Kilichoshindwa hapa kinaweza kushindwa kule, na kule kuna watoto kumi na wanne.

Simu ya fundi wa hospitali inaita mpaka inakatika. Anapiga tena. Inaita, inakatika.

Kompyuta tatu zilizo mbele yake ziko juu ya meza iliyonunuliwa kwa ajili ya kulia chakula. Zimevuliwa vifuniko, na wenye nyumba wamezoea kula sahani zikiwa mapajani. Mbili kati ya hizo zina kazi moja tu, kuimwagia ya tatu data bila kupumzika. Ya tatu ina kadi ya mtandao ya zamani, kipande cha kijani kinachoenea kiganjani, na taa yake hupepesa kila data inapoingia. Ikitulia wakati zile mbili bado zinamwaga, basi kadi imepokea kitu na kompyuta haina habari.

Kinachozifanya kadi na kompyuta zisikilizane ni kiendeshi, au draiva kama mafundi wanavyosema. Ni programu inayokaa katikati yao na kupokea huku, kukabidhi kule. Kiendeshi cha kadi hii kina mistari 6,214. Kwa miaka kumi na mmoja, mtunzaji wake amekuwa mwanamke huyu mwenye umri wa miaka arobaini na sita.

Mtaani anaitwa Mama Kadi, na jina hilo limemletea wageni wasio wake. "Mtu anapiga hodi, anataka kadi mia mbili za harusi, zenye maua pembeni," anasema. "Namwambia sina kadi hizo. Ananitazama juu mpaka chini, ananiuliza, kwani wewe una kadi gani, za kupigia kura?"

Mumewe naye ana lake. "Nikimwambia mteja kwamba mke wangu anashughulika na madraiva, ananiuliza magari yako wapi."

Siku tatu kwa wiki Mama Kadi hutengeneza kompyuta za shule moja ya sekondari, na hiyo ndiyo kazi inayomlipa. Kiendeshi hukipa saa tisa hivi kwa wiki na hakijawahi kumpa mshahara. Malipo pekee anayoyakumbuka ni boksi lililokuja kwa posta miaka sita iliyopita. Ndani yake mlikuwa na kadi mbili zilizotumika na karatasi yenye maneno matatu: "Za majaribio. Asante." Mojawapo ndiyo hiyo iliyo mezani.

Alianza kwa bahati. Karakana alimokuwa akifanya kazi ilipokea kompyuta sitini kuukuu, na hata moja haikukubali kuingia mtandaoni. Akakisoma kiendeshi usiku na mchana kwa wiki mbili, akapata kosa, akaandika kiraka na kukituma kwa wanaosimamia mfumo mzima, ile programu kuu inayoendesha kompyuta. Kikakubaliwa. Mwaka uliofuata kampuni iliyotengeneza kadi ikafungwa, na mwandishi wa kwanza wa kiendeshi akaacha kujibu barua. Mkaguzi, mtu anayepitisha viraka vyote vya sehemu hiyo na ambaye Mama Kadi hajawahi kumwona, aliwaandikia wote wanaochangia mfumo huo swali moja: nani atakitunza?

Wiki ikapita, kimya. Mama Kadi akajibu: "Mimi, kwa muda."

"Hicho 'kwa muda' sikukiwekea tarehe," anasema. "Ndilo kosa langu la kwanza kazini."

Hakuna anayejua kadi hizi ziko ngapi duniani, wala zinafanya nini. Mtunzaji hujua kwa malalamiko tu. Aliwahi kuandikiwa na kiwanda cha mbao, maktaba, kituo kimoja cha kupima mvua na mwanamume aliyekuwa akisikiliza nyota. "Barua ya pongezi haiji. Kitu kikifanya kazi, nani atakuandikia? Kwa hiyo barua ikiingia najua kuna mahali pameharibika. Sijui ni wapi, sijui ni nani aliyekuwa amekaa hapo. Nainuka kwanza, nakunywa maji, ndiyo naifungua."

Barua ya hospitali iliingia siku kumi na moja kabla ya Alhamisi hiyo. Aliyeiandika alijitambulisha kuwa fundi wa mashine.

Alieleza kwamba katika wodi ya watoto njiti kila kitanda kina mashine inayopima mapigo ya moyo na hewa kwenye damu. Mashine hizo hutuma namba kwenye skrini moja kubwa mbele ya wauguzi. Kila mashine ina king'ora chake, lakini vitanda viko nyuma ya mlango wa kioo unaofungwa kuzuia vumbi na kelele, na sauti haivuki vizuri. Kwa hiyo wauguzi hutegemea skrini.

Katika miezi miwili, skrini hiyo ilikuwa imeganda mara tatu. Haikuwa nyeusi wala haikuandika onyo lolote. Namba za mwisho zilibaki pale pale mpaka programu ilipochoka kusubiri na kuyaanzisha mawasiliano upya. Mara ya tatu ilichukua dakika nne na sekunde kumi.

Fundi alimalizia barua yake hivi: "Namba zote zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililotutisha."

Mama Kadi anasema alipofika sentensi hiyo alikuwa ameshajua kosa ni la nani, kwa sababu fundi alikuwa ametaja pia tarehe aliyosasisha mfumo. Kabla ya tarehe hiyo skrini haikuwahi kuganda. Kati ya toleo la zamani la hospitali na hilo jipya kulikuwa na badiliko moja tu kwenye kiendeshi, na badiliko hilo lilikuwa lake.

Miaka mitatu iliyopita aliondoa mstari mmoja.

Akieleza mstari huo hutumia mfano wa duka. Mlangoni pana kengele inayolia mteja anapoingia. Wateja wakiwa wengi, kengele inakera, kwa hiyo mwenye duka huizima na kuihudumia foleni hadi iishe. Akiona hakuna mtu, huiwasha tena na kurudi nyuma kwenye shughuli zake.

"Sasa," anasema, "tuseme ameona foleni imekwisha, na kabla mkono wake haujafika kwenye swichi ya kengele mteja mmoja akaingia. Kengele ilikuwa imezimwa, haikulia. Inawashwa, lakini mteja ameshaingia. Anasimama hapo. Na kadi hii ina tabia yake: yule wa kwanza asipohudumiwa, haipigi kengele kwa ajili ya wanaomfuata. Foleni inajaa mpaka barabarani na mwenye duka anakunywa chai."

Dawa yake inajulikana na kila mwandishi wa viendeshi. Ukishawasha kengele, tazama mlangoni mara moja zaidi. Mwandishi wa kwanza aliweka utazamaji huo kwa mstari mmoja, bila neno la maelezo. Mama Kadi, akisafisha kiendeshi, aliuona na kuuona kama mazoea ya mtu mwenye wasiwasi.

"Ni kama mtu aliyefunga mlango kwa ufunguo, akausukuma, akaondoka, akarudi kuusukuma tena. Nikasema, huyu alikuwa na hofu tu. Nikaufuta. Kichwa cha badiliko niliandika 'Usafi.'"

Aliurudisha mstari siku ya Jumatatu, akaanza jaribio saa saba mchana. Kanuni yake mwenyewe, aliyoiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ni kwamba kiraka hakitoki nyumbani kabla ya kumaliza saa sabini na mbili chini ya mzigo.

Jumanne fundi wa hospitali alimpigia. Wodi ilikuwa na wauguzi watatu kwa zamu. Tangu skrini ilipoganda ile mara ya tatu walikuwa wakitembea kitanda hadi kitanda kila dakika tano, juu ya kazi zao nyingine zote. Mmoja alikuwa ameanguka kwa uchovu. Kurudi toleo la zamani hakukuwezekana, kwa kuwa programu mpya ya skrini haikulikubali.

"Dada, hata kama ni nusu dawa, nipe," fundi alimwambia. "Hawa watu watakufa kwa kutembea."

Saa ya ishirini na sita ya jaribio, Mama Kadi alimtumia kiraka. Aliandika kwamba kiko sawa. Jumatano saa nne asubuhi fundi akakiweka, na wauguzi wakaambiwa wakae.

Hayo ndiyo anayoyajua Alhamisi hii asubuhi, simu ikiwa sikioni, fundi haipokei. Ana namba nyingine, ya meza ya wauguzi, aliyopewa kwa sharti la kuitumia jambo likiwa zito. Anaipiga.

"Wodi ya watoto."

"Sista, habari za kazi. Mimi ndiye mtu wa kadi."

"Kadi za kliniki ziko dirisha la pili, mama. Njoo na ya zamani."

"Siyo hizo, Sista. Ile skrini yenu kubwa. Fundi aliiwekea dawa jana, dawa niliyoitengeneza mimi. Msiiamini."

"Tusiiamini tangu lini?"

"Tangu jana saa nne."

"Niko mbele yake tangu saa moja. Namba zote nzuri."

"Ndiyo maana nakupigia."

Muuguzi hakuuliza tena. Simu ilifunikwa kwa kiganja, lakini sauti ilipenya: "Inukeni! Kila mtu vitanda vitano, mimi nachukua vya mwisho. Mtazame mtoto, msitazame skrini. Sasa hivi!" Kisha, karibu na simu, "Wewe usikate."

Mama Kadi akasikia viti vikisukumwa, viatu, mlango mzito ukifunguliwa. Ving'ora havikusikika. Hilo halikumsaidia, maana hakujua kama pale simu ilipowekwa vingesikika. Mumewe alikuwa amekuja kusimama mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Wanasemaje?"

"Wanahesabu."

Dakika tatu na nusu. Alizipima kwa saa ya kompyuta, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama. Kisha simu ikainuliwa.

"Wapo," muuguzi alisema, akihema. "Kumi na wanne. Wazima wote."

Mama Kadi alimwinulia mumewe kidole gumba.

"Wewe mama wa kadi, kama umenikimbiza bure na magoti yangu haya, nitakutafuta mpaka kwako."

"Sista, naomba iwe nimekukimbiza bure."

"Haya. Tutatembea. Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie. Na nikikwambia, uniulize nimepima saa ngapi."

Ndipo akauliza swali lililokuwa likimkaa kifuani kwa siku kumi na moja, ambalo hakuwahi kumuuliza fundi kwa sababu aliogopa jibu. Zile dakika nne na sekunde kumi, kuna mtoto aliyeumia?

Muuguzi alisema ngoja, akafungua daftari. Kitanda cha tisa, mtoto wa kike, gramu 1,100. Alikuwa ameacha kuvuta hewa. Kwenye skrini kubwa namba yake ya hewa kwenye damu ilikuwa 96, namba nzuri. Aliyemwona ni mama anayepiga deki, aliyekuwa akipita na ndoo upande wa pili wa kioo na kuona rangi ya mtoto imebadilika. Alipiga ngumi kwenye kioo hadi wakaja.

"Yupo?"

"Yupo. Ana gramu 1,340 sasa. Kelele zake ndizo zinazoniumiza kichwa."

Mama Kadi anasema baada ya kuweka simu alizizima zile kompyuta mbili zinazomwaga data. "Nilikuwa nikifikiria ile ndoo. Angepita dakika tano baadaye je? Mimi nilifuta mstari nikiwa nimekaa hapa, nimeshiba."

Fundi wa hospitali alirudisha simu saa mbili na dakika arobaini. Alikuwa juu ya paa akitengeneza mtambo wa hewa.

"Dada, umenimaliza. Ulisema iko sawa."

"Nilisema, kaka."

"Niliwaambia wakae. Mimi. Kwa mdomo wangu."

"Ulisema nilichokwambia. Nilikutumia saa ya ishirini na sita, na mimi husubiri sabini na mbili. Ungejua hivyo usingewaambia wakae."

Fundi akauliza, kwa sauti ya mtu anayehofia kusikia jibu, "Kwa hiyo si mstari ule?"

Hilo ndilo lililomtisha Mama Kadi kuliko yote. Kama mstari haukuwa sababu, basi hakujua sababu ni nini. Mistari 6,214, na kosa lingeweza kuwa kwenye wowote kati yake.

Kwa saa mbili alisoma. Alichapisha kurasa nane, akazitandaza sakafuni na kutembea juu yake akiwa pekupeku. Mumewe alirudi kwenye cherehani lakini hakuikanyaga. Pasi alikuwa ameizima tangu Jumatatu, maana ikiwaka pamoja na kompyuta tatu umeme hukatika, na suruali saba za wateja zilikuwa zikingoja na makunyanzi yake.

"Huo mstari," alisema mwishowe, "uliurudisha kama ulivyokuwa?"

"Niliurudisha vizuri zaidi."

"Sikukuuliza hivyo."

Akainua uso. Mume alikuwa ameshika koti la mteja, amelifumua bega. Akamwonyesha mshono wa zamani. "Huu niliuona mbaya, nikaushona upya kwa mkono wangu, ukapendeza. Akalivaa siku moja, bega likaachia. Yule wa kwanza alikuwa amepitisha uzi mara mbili. Mimi nikaona anapoteza uzi."

"Wewe nawe na makoti yako," Mama Kadi alisema. Lakini alikuwa ameshageukia kompyuta na kuufungua mstari wa zamani, ule wa kabla ya usafi, na kuuweka kando ya wake.

Mistari yote miwili ilitazama mlangoni. Wa kwake ulitazama kwa njia ya mkato, kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mahali kadi inapoacha data. Ni haraka, ni nadhifu, na vitabu vinausifu. Mstari wa zamani uliuliza kadi yenyewe na kusubiri jibu. Ni polepole. Ndiyo sababu aliporudisha, aliurekebisha.

Hapo akaona. Amri ya kuwasha kengele haifiki kwenye kadi papo hapo. Husafiri, na njia ikiwa na msongamano hungoja. Kompyuta huendelea na kazi ikidhani kengele imeshawashwa. Mstari wake ulikuwa ukitazama mlangoni wakati amri bado iko njiani, na mteja aliyeingia katika nafasi hiyo hakuonekana na mtu wala na kengele. Mstari wa zamani ulimtaka mwenye duka aulize kadi na kungoja. Kadi haiwezi kujibu swali kabla ya kupokea amri iliyotangulia. Kuuliza tu kuliisukuma amri ifike.

Mstari ule ulikuwa na kazi mbili. Mara ya kwanza Mama Kadi aliziondoa zote. Mara ya pili alirudisha moja.

"Niliurudisha kwa mwandiko wangu," anasema. "Ningeunakili tu kama ulivyo, tusingefika hapa. Lakini sisi watu wa kazi hii hatuwezi kuona kitu cha mtu tukakiacha. Mkono unawasha."

Hakujiamini. Kwanza aliijaza njia ya kadi makusudi ili amri zichelewe, akaendesha kiraka kilichoshindwa. Taa ilitulia baada ya dakika arobaini. Akaanza upya, ikatulia baada ya dakika thelathini na tatu. Kisha akauweka mstari wa zamani, herufi kwa herufi, na saa nane mchana akaanza jaribio lingine. Safari hii alibandika karatasi juu ya saa ya jaribio, ili asiweze kuisoma kabla ya wakati.

Siku tatu zilizofuata alilala vipande vipande. Ijumaa alikwenda shuleni kufanya kazi yake, na kila mwanafunzi aliyefunga kompyuta kwa kishindo alimshtua. Jumamosi mumewe alimkuta amesimama mlangoni mwa chumba, akitazama taa kwa mbali.

"Ingia basi."

"Nikiingia nitaigusa."

"Imeshapepesa mara ngapi?"

"Usiniulize. Ukihesabu unaanza kuamini."

Jumamosi hiyo pia aliwaandikia watu wote wa mfumo, barua inayosomwa na yeyote anayetaka. Ilikuwa na aya tatu. Alisema kosa ni lake, akataja tarehe. Alisema kiraka chake cha kwanza nacho kilikuwa na kosa, na kwamba alikituma kwenye wodi ya watoto kabla ya kumaliza jaribio. Alitaja namba za matoleo yote yaliyoathirika, ya miaka mitatu.

Mtu mmoja asiyemjua alijibu kwa maneno mawili: "Miaka mitatu?"

Akamjibu: "Ndiyo. Mitatu."

Mkaguzi aliandika jioni. Alikuwa mfupi kama kawaida yake. "Nimesoma. Jaribio likiisha, tuma. Andika maelezo juu ya mstari, maana mimi nami niliupitisha usafi ule."

Jumapili saa nane mchana Mama Kadi alibandua karatasi. Saa sabini na mbili kamili. Taa ilikuwa ikipepesa. Aliiacha saa mbili zaidi, hakusema kwa nini, kisha akaandika maelezo juu ya mstari, ambayo sasa ni sehemu ya kiendeshi:

"Usiondoe mstari huu. Usiubadilishe uwe wa haraka. Unauliza kadi kama kuna data mpya, na kwa kuuliza unahakikisha amri ya kengele imefika. Ukiondolewa, kadi hulala huku kila kitu kikionekana kizuri. Niliuondoa mimi."

Alikituma kiraka saa kumi na nusu. Mkaguzi alikipitisha saa kumi na moja na dakika tano.

Kupitishwa ni jambo moja na kufika ni jingine. Kiraka kimo kwenye mfumo, lakini kila mwenye mashine hukichukua kwa wakati wake, na wengine hawatakichukua kamwe. Maktaba ikiganda, msomaji atasubiri. Kinachomnyima Mama Kadi usingizi ni mahali asipopajua. "Yule fundi aliniandikia kwa sababu alijua kusoma faili na kuona anwani yangu. Wangapi hawajui? Wangapi wamezima wakawasha, wakasema ni umeme?"

Jumatatu saa tatu asubuhi fundi wa hospitali alimpigia akiwa ameketi mbele ya kompyuta ya wodi. Muuguzi mwenye magoti aliichukua simu.

"Umepima saa ngapi?"

"Sabini na nne, Sista."

"Fundi aliniambia sabini na mbili."

"Mbili ni za woga."

"Hizo ndizo ninazozitaka," muuguzi alisema. "Weka, fundi. Lakini sisi hatukai. Siku mbili tutatembea na tutatazama, vyote viwili. Mimi sishindani na kadi."

Kiraka kiliwekwa saa tatu na dakika ishirini na mbili. Skrini kubwa ilizimwa, ikawashwa, namba kumi na nne zikarudi moja moja. Fundi alishinda akilinganisha namba za mashine za vitandani na zile za skrini. Siku nzima hazikuachana.

Hilo nalo halikumtuliza Mama Kadi. Namba nzuri zinazolingana, anasema, zinaweza kulingana kwa sababu hazijasogea sana. Hakuwa na njia ya kujua kama skrini ingeonyesha jambo baya hadi jambo baya litokee, na hakuweza kuliombea litokee.

Jumanne alikuwa shuleni, amelala chali chini ya meza ya chumba cha kompyuta akikaza kebo, bisibisi mdomoni. Saa tano na dakika arobaini na sita simu ilitetemeka mfukoni. Ujumbe ulikuwa wa fundi.

"Kitanda cha sita kimeshuka kutoka 93 hadi 78. Skrini kubwa imeshuka nacho sekunde hiyo hiyo. Sista ameshaingia."

Hakutoka chini ya meza. Alitoa bisibisi mdomoni, akaiweka kifuani, akaishika simu kwa mikono miwili juu ya uso wake.

Saa tano na dakika arobaini na tisa, ujumbe wa pili uliingia, kutoka namba ya meza ya wauguzi:

"Tulimkuta 80. Sasa 95. Analia."